Viza ya Mpita-Njia

Milcah alikuwa mwoga. Tuliseme hilo mapema, tusizungushane. Kuna watu wanaogopa nyoka, kuna wanaoogopa maji. Milcah aliogopa sindano, visu, madaktari, mbwa wa jirani, na hata king'ora cha kiwanda cha sukari kikilia ghafla. Alipokuwa darasa la pili, wauguzi walikuja shuleni na chanjo, naye akatoroka akajificha ndani ya miwa tangu asubuhi hadi saa kumi. Aliyeingia kumtafuta, akamtoa amembeba mgongoni huku majani yakimkata mikono, alikuwa dada yake mkubwa, Pascalia.

Sasa Mungu naye ana mambo yake. Huyo huyo Milcah ndiye aliyeambiwa apande ndege, avuke bahari, alale kwenye meza ya hospitali huko Kanada, apasuliwe ubavu, atolewe figo moja ili Pascalia aishi.

Huo ulikuwa mwaka wa 1988, wakati miwa ilikuwa miwa kweli. Navakholo yetu nzima ilikuwa kijani, watu walikuwa wamelima mpaka mlangoni, matrekta yalivuta miwa mchana kutwa, na mtu aliyepata bonasi nzuri aliezeka mabati mpaka nyumba ya kuku. Ni miwa hiyo iliyompeleka Pascalia Montreal kusomea uuguzi, na ni hiyo hiyo iliyonunua tikiti ya Milcah baada ya barua kuja kwamba figo za Pascalia zimekufa zote mbili na anaishi kwa mashine. Mama yao, Navalayo, alikuwa wa kwanza kujitolea. Daktari wa misheni kule Mukumu alimpima, akatikisa kichwa: ana ugonjwa wa sukari, hafai. Baba alikuwa marehemu. Akapimwa Milcah, na damu yake ikalingana na ya dada yake kabisa. Daktari alifurahi mno. Alichukua kalamu, akachora juu ya karatasi mahali kisu kitakapopita, na Milcah akaomba maji ya kunywa.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Majirani nao hawakusaidia kitu. Huyu alisema mtu wa figo moja hazai, yule alisema wazungu wakishafungua watachukua na maini. Milcah alisikiliza, akatabasamu, akaenda nyuma ya nyumba kutapika. Hakumwambia mtu. Ungemwambia nani? Dada yako anakufa, halafu wewe unasema unaogopa kisu?

Operesheni ilipangwa tarehe kumi na nne Oktoba. Kilichobaki kilikuwa karatasi, na mtu wa karatasi mjini Kakamega alikuwa Bwana Athman.

Athman alikuwa Mwislamu wa Mumias, mnene, mpole, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la vitambaa. Alikuwa na taipureta, simu, na picha ya ndege ukutani. Milcah na mama yake walipanda ngazi wakamkuta anapuliza vumbi kwenye herufi za taipureta.

"Karibuni, karibuni. Mama Pascalia, habari ya mgonjwa?"

"Bado tuko naye," mama akasema, akaketi chini ya ile picha ya ndege, akaanza kujipepea na leso.

Athman alieleza kila kitu taratibu. Viza ya Kanada imeshatoka, alhamdulillahi. Lakini ndege ya kutoka Nairobi itamshusha Paris kwenye uwanja mmoja, na ile ya Montreal inaondoka kwenye uwanja mwingine, upande wa pili wa mji. Angebadilisha ndege ndani ya uwanja mmoja, asingesumbuliwa. Kwa kuwa itabidi atoke nje, apande basi, avuke mji wa watu, anahitaji viza ya kupita.

"Ya kupita tu?" Milcah akauliza.

"Ya kupita tu. Na hapo ndipo watu wetu wanapoangukia." Athman aligonga fomu kwa kidole. "Nisikilize vizuri. Kwenye karatasi hii wewe ni mpita-njia. Mpita-njia hana ndugu. Haketi, halali, hasalimii mtu. Hapa chini wanauliza, je, kuna mtu unayemjua katika mji huu, na utakaa naye siku ngapi? Hii mistari miwili uiache wazi. Ukiandika jina la mtu hapo, wanasema, aha, huyu hapiti, huyu anakuja kukaa! Wanakukatalia. Mwaka jana nilikuwa na mteja akaandika jina la shemeji yake kwa heshima tu. Mpaka leo yuko hapa hapa Shinyalu."

Milcah alicheka kidogo. Mama hakucheka. Alikuwa anatazama ile ndege ukutani kama mtu anayetazama ng'ombe asiyemwamini, na Milcah akafikiri hajasikia hata neno moja.

Athman alijaza sehemu nyingine zote kwa taipureta. Picha za Milcah zilikuwa bado studio, na Athman mwenyewe Ijumaa angekuwa Mumias kwa swala na harusi ya mpwa wake. Basi akampa Milcah fomu na bahasha. "Ukipata picha, zibandike, tia sahihi, weka na pasipoti, funga, mpe karani wa basi la Nairobi. Kuna mtu wangu atapokea kule."

"Nami nisiandike kitu?"

"Usiandike kitu, binti yangu. Sahihi tu."

Ijumaa asubuhi, picha zikiwa zimekauka kwenye gundi, Mzee Makhanu alitokea uani na kikapu.

Makhanu alikuwa jirani wa mpaka mmoja nao, na mtoto wake George alikuwa Paris mwaka wa sita, anafanya kazi jikoni mwa hoteli. Kile kikapu kilikuwa na uyoga mkavu, simsim, na kuku aliyebanikwa mpaka akawa mgumu kama ubao. Juu yake kulikuwa na barua yenye anwani.

"Nimesikia mnapita kwa mtoto wangu," akasema, akaketi bila kungoja kiti. "Mungu ni mkubwa. Miaka sita hajaonja ingokho, kuku wa nyumbani."

"Sitapita kwake, Baba George," Milcah akasema. "Nabadilisha ndege tu. Ni masaa machache."

Makhanu alimtazama kama aliyetukanwa. "Unapita mji wa mtu, unajua mlango wake, na huingii? Hata maji hunywi? Sasa George akisikia mtoto wa Navalayo alipita hapo nje akaenda zake, atasema tumegombana na nyinyi juu ya mpaka!"

Na wewe unayesoma, kama ni mtu wa huku, unajua hakutia chumvi. Kupita boma la mtu wenu bila kuingia, bila kugusa hata tonge moja la obusuma, ugali wetu, ni kumwambia kwamba hamjuani tena. Watu wamenuniana miaka kumi kwa kosa dogo kuliko hilo.

Milcah alimgeukia mama yake amsaidie.

"Makhanu anasema kweli," mama akasema, macho yake kwenye kikapu. "Hatupitangi watu hivyo. Andika kwamba utamsalimu George."

Kwa Milcah ilikuwa kama mtu amemfungulia mlango aliokuwa ameugonga wiki nne, naye akaogopa hata kuuchungulia. Aliiona ile mistari miwili mitupu. Akasikia sauti ya Athman: mpita-njia hana ndugu. Angeweza kusema, Mama, Athman amekataza. Maneno yalikuwa pale pale kwenye ulimi. Badala yake alichukua kalamu, na kwa mwandiko mzuri wa msichana aliyemaliza kidato cha nne, akaandika: George Makhanu, jirani. Nitalala kwake siku tatu ili kumsalimu.

Siku tatu! Hata Makhanu hakuomba siku tatu.

Akalamba bahasha, akaifunga, akaenda nayo stendi, akampa karani wa basi. Basi lilipoondoka akashika nguzo ya kibanda mpaka lilipopotea barabarani.

Siku kumi alizongoja zilikuwa mateso. Trekta likipunguza mwendo barabarani, alidhani ni Athman analeta habari. Akipika, anaunguza. Usiku aliomba viza itoke. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa ambayo alitumaini hata Mungu hataisikia, aliomba isitoke.

Haikutoka. Athman mwenyewe alikuja kwa teksi, jasho likimtoka, na karatasi ya ubalozi mkononi. Mwombaji ameonyesha nia ya kukaa. Ombi limekataliwa.

"Nani aliandika hii?" Athman akauliza. Hakupaza sauti, na hiyo ndiyo iliyouma. "Siku tatu? Kwa George? Milcah, si nilikuambia?"

Sasa niseme ukweli wa kilichompata Milcah hapo, hata kama hauna heshima. Alifurahi. Furaha ilimpanda kutoka miguuni, ya moto, akasikia ubavu wake mzima, mzima kabisa, na akataka kucheka. Halafu akakumbuka mgongo wa Pascalia ndani ya miwa, na damu kwenye mikono yake ya kitoto, na furaha ile ikageuka kitu kingine, akaketi chini.

"Ni mimi," mama akasema kabla Milcah hajafungua mdomo. "Mimi ndiye niliyemlazimisha. Mimi mama mjinga, nikasema lazima George asalimiwe."

Athman akaikunja karatasi. Utamgombeza vipi mama ambaye mtoto wake yuko kwenye mashine? Akasema pole, akasema ataangalia cha kufanya, inshallah, akarudi kwenye teksi.

Habari zilienea mpaka kiwandani. Navalayo ameua mtoto wake kwa salamu! Wanawake kisimani walishusha sauti akifika. Mama hakujibu mtu. Aliacha kula. Milcah alimwekea obusuma na mboga, akakuta vimekauka mezani. Akampikia uji, ukaganda. Alikuwa anakaa mlangoni na kile kikapu cha Makhanu kando yake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kukirudisha, na anajipepea na leso hata kama kuna baridi. Ni mgonjwa wa sukari, haifai ashinde njaa. Milcah alijua. Kila asubuhi aliamka akiwa amekata kauli kusema, na kila asubuhi akachukua ndoo akaenda kisimani. Ile tarehe kumi na nne Oktoba ilipita hivyo hivyo, mvua ikinyesha.

Wiki iliyofuata Athman akawaita mjini. Pascalia angepiga simu ofisini kwake saa tisa.

Simu ililia saa tisa na dakika ishirini. Athman akampa Milcah mkono wa simu. Mama aliketi pale pale chini ya ndege, akataka Milcah aongee.

"Mili?" Sauti ilitoka mbali, nyembamba, haikuwa ile sauti nzito ya Pascalia aliyokuwa akiitumia kufukuza ng'ombe kwenye miwa.

"Ni mimi, dada."

"Wamenipa tarehe nyingine. Novemba tarehe nne. Daktari anasema hakuna ya tatu, mwili wangu umechoka." Akapumua. "Lakini sikupiga simu kwa ajili ya hilo. Nasikia Mama hali chakula."

Milcah akamgeukia mama chini ya ile picha.

"Nisikilize. Mwambie Mama sikumlaumu hata dakika moja. Mimi najua atakuwa anajilaumu, hata mboga ikiungua hujilaumu. Usimwache abebe hilo, Mili. Nikifa, asife na hatia yangu. Niahidi."

"Dada..."

"Niahidi kwanza. Simu inakula pesa."

"Naahidi."

"Na wewe usiogope. Nimeulizia kila kitu, kuna dawa ya usingizi, husikii kitu. Nitakuwa kitanda cha pili." Akacheka kidogo, akakohoa. "Safari hii ni wewe unanitoa kwenye miwa." Laini ikakatika.

Milcah alirudisha mkono wa simu mahali pake. Athman alikuwa ameshaingiza fomu mpya kwenye taipureta, maana hakukuwa na siku ya kupoteza.

"Tumepata bahati, bado wanapokea ombi la pili," akasema. "Lakini kuna swali jipya hapa. Umewahi kukataliwa viza hii? Kama ndiyo, eleza sababu." Akawatazama wote wawili. "Tukidanganya, basi. Tukisema ukweli mzuri, huenda."

Mama akasimama. "Andika ni mimi. Mama yake mwombaji, asiyejua mambo ya ndege, alimlazimisha. Nitaweka dole gumba. Lete wino."

"Hiyo inaweza kufaa," Athman akasema, vidole juu ya herufi.

"Usiandike," Milcah akasema.

Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. Athman akasimamisha vidole.

"Mama, sikuandika kwa sababu yako. Bwana Athman alinikataza, na nilisikia, nilisikia kila neno. Hukusema hata siku moja, mimi niliandika tatu. Nilitaka wanikatalie. Naogopa, Mama. Naogopa kisu, naogopa ndege, naogopa kufa. Nilimwacha dada yangu afe kwa sababu naogopa, na nikakuacha wewe uteswe na njaa wiki mbili." Akaanza kulia, kilio kibaya cha kamasi, cha mtoto. "Nisamehe. Ama usinisamehe, lakini kula."

Chini dukani mtu alikuwa anapima kitambaa, yadi moja, yadi mbili. Athman alipangusa taipureta yake mahali ambapo palikuwa pasafi.

Mama aliketi tena polepole. Hakuonekana kushtuka, na hilo ndilo lililomtisha Milcah kuliko kama angepigwa kofi.

"Nani alimwambia Makhanu kwamba unapita Paris?" mama akauliza.

Milcah akafuta pua. "Sijui. Watu."

"Watu gani? Hatukuwa tumeliambia hata kanisa habari ya Paris. Ni mimi. Alhamisi jioni nilienda kwake, nikamwambia alete kikapu, alete na maneno makali, nikijua wewe hutaweza kumkatalia mzee." Alikuwa anakunja ile leso, anaikunjua. "Unadhani sikumsikia Athman hapa? Nilimsikia vizuri. Mpita-njia hana ndugu. Nilibeba neno hilo mpaka nyumbani."

"Lakini Mama, kwa nini?"

"Kwa nini!" Na hapo ndipo Navalayo, ambaye hakulia mumewe alipozikwa, alipopasuka. "Nina wawili tu! Mmoja yuko kwenye mashine, na huyu aliyebaki mzima wanataka nimpeleke wamkate na yeye! Na kisu kikiteleza? Nirudi nyumbani niangalie nini, miwa? Niliogopa, mwanangu. Niliogopa kubaki bila hata mmoja. Nikasema, afadhali nishike huyu niliye naye mkononi. Halafu nikakaa mlangoni wiki mbili, na kila nikiinua tonge naona ni nyama ya Pascalia."

Milcah alipiga magoti kwenye sakafu ya mbao, akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Kumbe usiku wote ule, chumba hiki na kile, walikuwa wawili wakiomba ombi moja la aibu.

Athman akakohoa. Alikuwa amelia pia, ingawa kesho yake angekataa. "Sasa, Mama Pascalia," akasema kwa upole, "niandike nini?"

Mama akamwinua Milcah uso kwa mikono miwili. "Huyu ndiye atasema. Mwili ni wake. Mwanangu, ukisema hapana, hapa hapa, sitakuuliza tena, na Pascalia hatajua."

Ningependa kukuambia kwamba woga ulimtoka. Haukumtoka hata kidogo. Kisu kile cha kalamu ya daktari alikiona wazi.

"Andika niliogopa," Milcah akasema. "Andika nilikuwa naogopa safari, nikaandika uongo. Simtembelei mtu. Nitapita."

Athman akaandika, herufi moja moja, na safari hii bahasha aliifunga yeye mwenyewe.

Viza ilitoka siku ya nane, muhuri mdogo wa buluu, saa ishirini na nne na si zaidi.

Jioni ya kuamkia safari, jua bado likiwepo, mama alikula obusuma sahani nzima, akanawa, akajitwika kile kikapu. Akamshika Milcah mkono, kama anampeleka shule siku ya kwanza, wakafuata mpaka wa miwa hadi kwa Makhanu. Mzee alikuwa uani ananoa panga. Mama akatua kikapu miguuni pake, uyoga, simsim, kuku na barua, kama kilivyokuja.

Makhanu aliweka panga chini. "Navalayo. Kwa hivyo ni kweli? Mtoto wako atapita mlangoni kwa mtoto wangu kama mtu asiyemjua?"

Milcah alisikia kiganja cha mama kikilowa jasho ndani ya chake, na kikambana zaidi.

"Ndiyo, Baba George," mama akasema. "Atapita."